Watu wa Kukataa Pamoja

Oktoba 1873 msafara uliingia Unyanyembe, yaani hapa Tabora, ukiwa umebeba maiti. David Livingstone alikuwa amefia kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwanzoni mwa Mei mwaka huo. Watu wake walikaa baraza, wakakubaliana kwamba hazikwi porini. Wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakashika njia ya pwani. Hapa Tabora wakamkuta Luteni Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliyekuwa ametumwa kumtafuta na kumsaidia Livingstone. Cameron akawashauri wamzike papa hapa, maana mbele kulikuwa na hatari nyingi. James Chuma, Abdullah Susi na wenzao wakakataa.

Tulipokuwa shuleni tulifundishwa kuwaita hao watumishi waaminifu, somo likaishia hapo. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba uaminifu wao ulidhihirika siku walipomkatalia mkubwa. Bwana wao alikuwa amekwisha kufa, hapakuwa na mkataba wa kuwabana wala polisi wa kuwafuata, na ofisa aliyezungumza kwa niaba ya Waingereza alikuwa anawaruhusu waweke mzigo chini. Hawakuuweka.

Baada ya Unyanyembe, karibu na Kasekera, wenyeji walikataa maiti isipite kwao. Chuma na wenzake wakafunga mabua ya mtama kwa nguo mfano wa maiti, wakawatuma watu wairudishe Unyanyembe kama wanaokwenda kuzika. Mwili wenyewe wakaufungasha upya ukaonekana mtumba wa kawaida wa nguo. Februari 1874 walifika Bagamoyo.

Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, aliandika mwaka 1797 kwamba kusema uongo ni kosa hata ukimwambia muuaji anayemtafuta rafiki yako. Ukimfuata, watu wale walikosea pale Kasekera. John Stuart Mill angeuliza ni nani aliyeumia na ni nani aliyenufaika, na huenda angewaachia wapite. Aristotle angewatazama wao wenyewe: ni watu wa tabia gani, na tabia hiyo waliipataje? Nimesoma haya uzeeni, baada ya kustaafu uhakimu wa mahakama ya mwanzo, na swali la Aristotle ndilo linaloninyima usingizi. Kizazi changu tulijua kanuni na tulikula viapo. Tulikuwa watu wa tabia gani?

Njia hii ya misafara, waliyoipita Chuma na wenzake, ilikuwa na maadili yake kabla ya serikali yoyote kuandika kanuni. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, mbali na chungu na mkeka wake, kwa miezi mitatu hivi kati ya Tabora na pwani. Alilipwa kwa nguo, merikani ikiwa ya kwanza. Angeweza kutoroka na mzigo usiku wowote, na wako waliotoroka. Lakini pembe za ndovu zilifika pwani mwaka baada ya mwaka. Kijana asiyewahi kuiona bahari hakuhesabiwa mwanamume kamili, na jina la mwizi lingerudi nyumbani kabla yake. Kulikuwa na kirangozi mbele, kambi jioni, na utani uliomfanya Mnyamwezi awe na wa kumzika hata Uzaramo. Naona fahari kwa hayo, na siifichi.

Ila njia hiyohiyo ilipitisha watu wenye minyororo shingoni. Mpagazi hodari, mwaminifu wa kila pembe aliyokabidhiwa, alitembea miezi mitatu nyuma ya mwanamke aliyefungwa. Chuma mwenyewe alikuwa mateka utotoni, akafunguliwa mwaka 1861. Uhodari wa kazi ulimfundisha mpagazi namna ya kubeba, haukumfundisha kuuliza anabeba nini na anaandamana na nani. Sheria nayo ilichechemea nyuma. Juni 1873, Chuma na wenzake wakiwa njiani na maiti, Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja kwa shinikizo la Waingereza. Bara, utumwa uliendelea chini ya Wajerumani, ukaja kufutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Kwa hiyo kwa miongo yote ile, mwenye mtumwa alikuwa mtu safi mbele ya sheria.

Vijana wanaosomea sheria wakija kunisalimu huniambia, "Mzee, nyinyi mlikuwa na maadili, sisi tumepotea." Wanasikia habari za miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha la 1967: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba. Wanajua kwamba Zanzibar, mwaka 1991, chama tawala kiliilegeza miiko hiyo, na kwamba mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma pamoja na fomu za kutamka mali. Wanahitimisha kwamba tulianza watakatifu, kisha tukaharibika.

Sikubali. Ni kweli wengi wetu hatukugusa fedha ya umma. Na sheria ilikuwa kali: ile ya adhabu za chini ya mwaka 1963 ilimpa mla rushwa kifungo na viboko 24, kumi na viwili akiingia gerezani na kumi na viwili akitoka, na hakimu hakuachiwa nafasi kubwa ya kupima. Lakini watu hawahawa waliohesabu stempu za ofisi moja moja ndio waliotekeleza Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mkulima awe amehamia. Watu wakapakiwa kwenye malori, na kuna mahali nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Waliowasha moto hawakuwa majambazi. Walikuwa maofisa wenye kalamu mfukoni, wasiokunywa hata soda ya bure, na jioni waliandika taarifa zilizonyooka za kaya ngapi zimehama. Mzigo ulifika salama, na aliyeuliza mzigo wenyewe ni nini hakuonekana.

Mambo ya Mwanza na Shinyanga yalikuwa mazito zaidi. Mwaka 1976 serikali ilianza msako wa kukomesha mauaji ya wazee waliotuhumiwa uchawi. Nia ilikuwa njema kuliko nia zote: kuokoa roho za bibi zetu. Watu wakakamatwa, wakateswa mahabusu, wengine wakafa. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Hakuwa amempiga mtu wala kuamuru apigwe, na hakuna kifungu cha sheria kilichomlazimisha kuondoka. Baadhi ya maofisa walishitakiwa baadaye wakafungwa. Mwinyi alibeba jambo ambalo sheria isingeweza kumbebesha, na mpaka leo, ninapotaka kuonyesha mahali sheria inapokoma na maadili yanapoendelea peke yake, mfano wangu ni huo.

Lakini jambo linalonisumbua ni lile la mahabusu. Mtu mpole, baba wa watoto, anafikaje mahali pa kumning'iniza mzee wa watu? Stanley Milgram, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha mwaka 1963 jaribio lake la mjini New Haven. Wanaume 40 wa kawaida waliambiwa wampige mtu shoti ya umeme kila akikosea jibu, na kila mara waongeze. Umeme haukuwa wa kweli, ila wao hawakujua. Mtu mwenye koti la maabara aliwaambia waendelee tu. Ishirini na sita walikwenda hadi mwisho wa kipimo, wengi wakitokwa jasho na kutetemeka. Dhamiri zao zilikuwa hai kabisa. Zilikuwa zinawaumiza huku mikono yao ikiendelea.

Watu husoma hapo na kufunga kitabu, wakisema binadamu ni mbaya. Wangesoma mbele. Milgram alirudia jaribio, akamwekea kila anayejaribiwa wenzake wawili mezani, waliopangwa wakatae katikati. Safari hiyo, katika watu 40, waliofika mwisho walikuwa wanne. Mkubwa alikuwa palepale na maneno yake yaleyale. Kilichoongezeka ni wale wenza wawili waliosema hapana.

Hapo ndipo nilipowaelewa Chuma na Susi. Kwa Chitambo waliamua barazani, kila mtu akasikika. Walipofika mbele ya Cameron, kila mmoja alijua kwamba akikataa hatabaki peke yake. Sisi tulilelewa kinyume. Kila mmoja alikula kiapo peke yake mbele ya mkubwa wake, akapewa faili lake, akaambiwa la ofisini halitoki. Hapa Tabora tulikuwa na Chuo cha Uhazili, ambacho leo ni tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma, na makatibu waliotoka pale walisifika nchi nzima kwa kutunza siri. Sifa hiyo ni ya haki, maana siri ya mgonjwa au ya mtumishi ni amana. Lakini Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 iliifanya siri ya serikali kuwa ukuta, na katibu aliyechapa barua ya dhuluma hakuwa na mlango wa kupitia. Sheria ya kumlinda mtoa taarifa imekuja mwaka 2015. Vifungu vya haki za binadamu viliingia katika Katiba mwaka 1984. Hesabu wenyewe miaka, muone sheria ilivyochelewa tena.

Kwa hiyo sipendi tunaposhindana kuandika kanuni za maadili, kila taaluma na kijitabu chake, kana kwamba muuguzi au mpimaji wa tumbaku wa chama cha msingi hajui kuwa kudhulumu ni vibaya. Anajua. Mkulima wa Urambo akipunjwa uzito wa tumbaku yake, mpimaji anajua kabla ya mkulima. Anachokosa ni mtu wa pili pale mizani, mwenye haki ya kusema "rudia kupima" bila kupoteza kazi.

Mahakama ya mwanzo inaye mtu huyo, na tumemdharau mno. Hakimu akikaa na wazee wa baraza, kisheria kauli zao ni kura, wala si ushauri; wao wakiwa wengi, hakimu hushindwa. Nimeona mahakimu wakiwageuza mapambo. Hakimu anatoa maoni yake kwanza, kwa Kiswahili cha vitabuni, kisha anawageukia: "Wazee, mnasemaje?" Nani atapinga? Wanasema wamekubali, wanasaini, wanaondoka.

Wewe mwanangu uliyepangiwa Sikonge au Kaliua mwaka huu, geuza utaratibu huo. Funga kinywa chako mpaka wote wawe wamesema, na uanze na yule mama wa mwisho kwenye benchi, ambaye hana cheo kijijini na hataki makuu. Asipokubaliana nawe, andika sababu zake katika kumbukumbu kwa maneno yake mwenyewe, usimnyooshee. Akikushinda kwa kura, soma hukumu hiyo kwa sauti uliyozoea kusomea zile unazozipenda.