Jino Halingoji Duara Liteme

Kishapu, Shinyanga

Mwanangu mpendwa,

Huku nyumbani hatujambo. Mtama umestawi vizuri, babu yako ameanza kutembea tena kwa fimbo, na mdogo wako amechaguliwa kidato cha tano.

Mama mmoja anayeuza dagaa Katoro alipita hapa, akasema amekuona mnadani umefunga shavu kwa kanga, limevimba, huwezi hata kuitikia salamu. Akasema wanaapolo wenzako wa machimbo ya dhahabu wanasimulia kuwa unadondoshea jino maji ya betri. Tangu hapo silali. Kama ni uzushi, nipigie leo uukanushe. Kama ni kweli, soma mpaka mwisho.

Hofu yako naijua ilikotoka. Ulipokuwa mchanga, ukiharisha na kuwaka homa, upande wa mama yako walikupeleka kwa fundi, wakaambiwa una meno ya plastiki. Akakukwangua ufizi kwa spoku ya baiskeli. Mimi shangazi yako hakuna aliyeniuliza. Yale yalikuwa meno yako ya utotoni yanachipua, na kukwanguliwa kule ndiko kulikofanya chonge lako liote limepinda. Halafu ukiwa darasa la nne ukashikwa mikono na miguu, uking'olewa gego lililokwisha kuvimba. Aliyepitia hayo akiogopa daktari wa meno, simlaumu.

Lakini hofu isikufikishe alikofika baba yako mdogo. Hukumkuta. Miaka ya tisini alikuwa machimboni Rwamagasa, mtu wa kubeba peke yake magogo ya matimba ya kuzuia udongo wa duara. Gego la chini likatoboka. Akaogopa kung'olewa, akamsikiliza jamaa wa kambini aliyemwekea maji ya betri. Maumivu yakakoma, naye akatuandikia kuwa amepona. Kumbe ile ni asidi: iliunguza ufizi na kuua mshipa wa fahamu ndani ya jino, na uchafu uliobaki ukaendelea kushuka kwenye mfupa, yeye hasikii kitu. Baadaye uvimbe ukatokea chini ya kidevu pande zote mbili, mgumu, ukausukuma ulimi juu. Akawa hawezi kumeza mate wala kulala chali. Wakampakia kwenye gari kumkimbiza hospitali ya Bugando, Mwanza. Walipofika Busisi, kivuko kilikuwa ng'ambo ya ziwa, Kigongo. Kaka yangu alikata roho palepale ukingoni, akiwa amekaa, anatafuta pumzi. Jino moja, mwanangu.

Usiniambie kwamba tangu 2025 kuna daraja pale. Koo likishaziba, hata safari ya daraja ni ndefu.

Wala usijidanganye na amoksilini na diklofenaki za duka la dawa. Uvimbe utapungua, maumivu yatalala, lakini tundu liko palepale na vijidudu vimo ndani; dawa ikiisha vinaamka. Na diklofenaki ukiimeza kila siku bila chakula, inaweza kukutoboa tumbo.

Sasa nisikilize kuhusu ganzi, maana najua ndiyo inayokutisha. Jino likiwa limevimba na kujaa usaha, ganzi haishiki vizuri. Ndivyo ilivyokuwa darasa la nne. Ukiwahi kabla halijavimba, utasikia mkono wa daktari unasukuma, lakini uchungu ule hutausikia. Kadiri unavyochelewa kwa kuogopa maumivu, ndivyo unavyoyaongeza. Duarani hushuki kabla ya kukagua matimba, wala hungoji udongo uporomoke ndipo uyatengeneze. Jino nalo likague vivyo hivyo. Kwa kuwa la sasa limeshavimba, daktari anaweza kuanza kwa kutoa usaha na kukupa dawa, ndipo ang'oe. Ukifika, mwambie wazi: naogopa. Mkubaliane kuwa ukiinua mkono, anasimama kwanza. Mwanamume kusema hivyo si aibu.

Na kama unaficha meno kwa sababu ya rangi ya kahawia, acha. Huo si uchafu. Ni floridi ya maji ya visima tuliyokunywa sote huku Kishapu. Maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele yalipofika Shinyanga mjini na Kahama mwaka 2009, meno yako yalikuwa yameshaota. Daktari ataijua rangi hiyo mara tu utakapofungua kinywa.

Wala usinijibu kwamba unangoja duara liteme dhahabu. Baba yako aliuza ng'ombe wa mahari yangu kwa ajili ya duara la Nyarugusu, na mpaka leo halijatema.

Gongo haiponyi jino. Na mama yako mpelekee chochote, hata kidogo. Nina langu naye, lakini ni mama yako.

Nimekutumia fedha kwa simu. Ni za jino, si za matimba wala za kifusi. Jumatatu asubuhi nenda hospitali ya rufaa ya mkoa pale Geita, uulize kliniki ya meno. Wakikupa rufaa ya Bugando, usirudi kambini kwanza, panda gari siku hiyohiyo. Lakini ukiona uvimbe umeshuka shingoni, au kumeza kunakuwa kugumu, usingoje Jumatatu. Ondoka hata usiku. Binamu yako wa Katoro nimemwambia akusindikize na akae nawe mpaka mwisho. Mkitoka hospitalini nipigie mwenyewe, hata kama ganzi haijaisha.

Ni mimi shangazi yako