Blanketi la Pipa

Ukitaja pombe ya kienyeji, wengi hufikiria kilabu na makelele. Mimi hufikiria kuni. Nimelelewa na shangazi, Butiama, na ada zetu za shule zilitoka kwenye pipa la chuma lililokaa juu ya mafiga nyuma ya jiko.

Kazi yenyewe ni ya siku nyingi. Ulezi huloweshwa, huota, huanikwa, husagwa: hicho ndicho kimea. Uji wa mahindi au muhogo hupikwa ndani ya pipa, huachwa upoe kidogo, ndipo kimea hutiwa. Hapo ndipo penye kazi. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari, lakini kina masharti: hupenda joto la nyuzi 60 hadi 70 hivi, likikaribia 80 huharibika, uji ukipoa mapema, huchachuka kabla ya kuwa mtamu. Shangazi hakuwa na kipimajoto. Alikuwa na kidole na ulimi.

Adui yake alikuwa upepo wa usiku. Chuma hakitunzi joto. Pipa likipoa ilibidi achochee tena, na hapo uji uliungua chini huku juu ukiwa vuguvugu. Na kuni si za bure. Ukisafiri kutoka Bunda kwenda Musoma unaona vilima vilivyobaki na vichaka tu.

Siku moja akasema, "Hili pipa linataka blanketi."

"Shangazi, si litaungua?"

"La pamba litaungua, mwanangu. La udongo je?"

Tukachanganya udongo wa kichuguu, majivu na nyasi kavu zilizokatwakatwa. Tukalikandika pipa pande zote, unene wa vidole vinne, tukaacha kitako wazi kwa ajili ya moto. Tukangoja likauke kabisa, maana udongo mbichi hunyonya joto badala ya kulizuia. Zile nyasi hushika hewa ndani, na hewa iliyotulia ndiyo mlinzi wa joto. Juu tukaweka kifuniko cha mbao na magunia makavu, mbali na miali.

Usiku ule shangazi alivuta kuni zote nje. Alfajiri akachovya kidole, akacheka peke yake. Uji ulikuwa bado na joto, mtamu kama togwa. Mzigo wa kuni wa mpiko mmoja ukaanza kutosha miwili, na fedha iliyobaki ikawa madaftari.

Sisemi pombe haina machozi. Nimewaona watoto wa wanywaji wakirudishwa nyumbani kwa kukosa ada, ada ile ile iliyolipa yangu. Hilo hunisumbua hadi leo.

Wageni huja Butiama kuzuru kaburi la Mwalimu Nyerere, aliyezikwa hapo mwaka 1999, na kuzungumzia Elimu ya Kujitegemea aliyoiandika mwaka 1967. Ni vema. Lakini mwanamke aliyepima joto kwa kidole na kuokoa kuni kwa udongo wa kichuguu, tumwiteje? Mpika pombe tu?