Kijana aliyeharibu risasi za baba yake

Jumamosi moja alfajiri, baba mmoja wa Montana, Marekani, aliingia gereji akakuta mashine bado inanguruma. Jioni alikuwa amemwachia mwanawe wa miaka 15 kazi ya kupaka vichwa 100 vya risasi za kuwindia kulungu. Vichwa hivyo, ambavyo bado havijatiwa baruti, huwekwa kwenye chupa pamoja na gololi za chuma na unga mweusi wa molibdeni, kisha mashine huvitikisa mpaka unga ushike juu ya shaba. Lengo ni kupunguza msuguano ndani ya mtutu. Ni kazi ya saa chache tu. Kijana aliwasha mashine, akapitiwa na usingizi, nayo ikatikisa usiku kucha.

Ncha, ambazo ni za madini laini ya risasi, zilikuwa zimebonyea. Msimu wa kuwinda ulibaki wiki tatu, na nyama ya kulungu ndiyo kitoweo cha nyumba hiyo wakati wa baridi. Baba alifoka. Kwa hasira akatamka, "Wewe huaminiki kwa lolote!" Kijana alinyamaza. Siku mbili hakukaa mezani na wenzake.

Mama ndiye aliyeuliza, "Vyote vimeharibika?" Baba hakuwa amekagua.

Jumatatu jioni alimwita kijana gereji. Akamweleza habari za Franklin Mann, daktari wa Marekani aliyechapisha mwaka 1909 kitabu cha majaribio yake ya miaka mingi kuhusu shabaha. Mann aligundua kwamba ncha iliyobonyea haipotoshi risasi sana. Kinachoipotosha zaidi ni kitako kilichoumia, kwa sababu risasi inapotoka kwenye mtutu, gesi ya baruti huisukuma upande mmoja.

Kijana alitaka kunyoosha ncha kwa tupa. Baba akakataa. Vumbi la madini ya risasi hudhuru ubongo, na kwa watoto hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Wakavaa glavu, wakafuta unga uliozidi kwa kitambaa, wakageuza kichwa kimoja kimoja chini ya taa. Vitako 81 vilikuwa vizima. Vichwa 19 vikaenda kwenye kopo la chakavu. Walipomaliza wakanawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Jumamosi iliyofuata walikwenda uwanja wa shabaha. Kwa umbali wa mita 100, baba alipiga risasi tano zenye ncha nzima, kisha tano zilizobonyea. Kijana akazileta karatasi mbili na kuzilaza kando kwa kando. Matundu yalikaribiana vilevile.

"Nilikosea kukwambia vile," baba alisema. "Niliangalia ncha tu."

"Nami nilikosea kulala, baba."

Wahenga walisema kosa moja haliachi mke. Halimfukuzi mtoto gereji pia. Kosa la mtoto ni la kukaguliwa kabla ya kuhukumiwa, maana neno la hasira huweza kuumiza pale ambapo kosa lenyewe halikufika.

Jioni hiyo kulikuwa na vichwa vingine vya kupaka. Kijana alitega kengele kwenye simu yake. Baba akamtakia usiku mwema, akaenda kulala.