Mama alipoikataa apu yangu

Mimi ni mtengenezaji wa programu, niko Kisii mjini. Mwaka jana nilikesha miezi mitatu nikitengeneza apu ya wakulima wa majani chai. Unaandika kilo ulizopeleka kituoni, inakuhesabia jumla ya mwezi. Picha kila mahali, rangi safi. Nilijipiga kifua, wacha tu.

Nikaipeleka nyumbani Nyamira. Mama akaitazama, kisha akatoa kabambe yake mfukoni. "Sasa mwanangu, hii kitu itaingia hapa wapi?"

Niliishiwa na maneno. Jirani mwenye simu janja naye alijaribu, bando likaisha kabla ukurasa haujafunguka.

Ndio nikakumbuka M-Pesa. Ilianza 2007 kwa laini ya simu tu, bila intaneti, na hata wale wenye kabambe wakaitumia. Mimi nilikuwa nimejitengenezea mwenyewe na marafiki zangu wa mjini.

Nikafuta picha zote, nikaanza upya na SMS. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, na hizo zinatosha. Mama anatuma "KILO 14", anajibiwa jumla yake. Mwezi uliopita hesabu ya kituo ilipungua kilo sita. Akaenda na simu yake, akawaonyesha siku kwa siku, wakarekebisha.

Nyinyi mnaosomea kompyuta, kabla hujachagua rangi ya kitufe, jiulize: mamako anatumia simu gani?