Tunapojiandaa kwa Safari ya Namugongo

Wengi wametuuliza hivi: "Mwalimu, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda ni tarehe 3 Juni. Mbona ninyi wa Mbinga mwaanza kufanya shauri la safari tangu mwezi wa Agosti, miezi kumi kabla?" Nasi twaona vema kuwajibu katika gazeti hili, maana swali ni zuri, na tena katika kulijibu hatuna budi kuungama kosa letu wenyewe. Labda kosa hilo litawafaa wengine wanaotaka kusafiri kama sisi.

Kwanza tuseme habari ya mahali penyewe. Namugongo ni kitongoji kilicho karibu na mji wa Kampala, na zamani palikuwa mahali pa kuulia watu kwa amri ya Kabaka. Hapo tarehe 3 Juni 1886, Kabaka Mwanga alipokuwa akitawala Buganda, vijana Wakristo waliteketezwa kwa moto kwa kuwa walikataa kuiacha imani yao. Karoli Lwanga, aliyekuwa mkubwa wao, alitengwa na wenzake akachomwa peke yake, kwa moto wa polepole ulioanza miguuni. Kizito, aliyekuwa mdogo kuliko wote, alikuwa na umri kama wa watoto tunaowafundisha darasani. Mashahidi Wakatoliki ni 22. Baba Mtakatifu Benedikto wa 15 aliwatangaza Wenye Heri mwaka 1920, na Paulo wa 6 akawatangaza Watakatifu mwaka 1964. Mwaka 1969 Paulo wa 6 alikwenda Uganda mwenyewe, naye alikuwa Papa wa kwanza wa nyakati zetu kukanyaga bara la Afrika. Kanisa lililojengwa hapo lina umbo la nyumba ya jadi ya Waganda, na limezungukwa na nguzo 22, kila shahidi na nguzo yake.

Lakini tusisahau jambo moja. Waanglikana nao wana mashahidi wao waliouawa katika dhiki ile ile, na mahali pao pa ibada pako papo hapo Namugongo. Siku ya tarehe 3 Juni makanisa yote mawili hujaa watu. Baba Mtakatifu Fransisko alipofika Novemba 2015, alipazuru mahali pote pawili. Kumbukeni neno hili, maana tutalirudia.

Sasa tuje kwenye hesabu ya njia. Kutoka Mbinga twapanda gari kwenda Songea, kisha Njombe na Makambako. Tukitoka hapo twapita Iringa, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama na Biharamulo, mpaka Bukoba. Halafu twavuka mpaka hapo Mutukula, tukashika njia ya Masaka hadi Kampala. Ni kutoka ziwa letu la Nyasa mpaka ziwa la Viktoria, nayo si safari ya siku moja wala ya siku mbili. Yataka nauli, chakula cha njiani, na mahali pa kulala. Yataka pia pasipoti au hati ya kusafiria, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Na hapo ndipo taabu nyingine huanza, kwa kuwa mama aliyebatizwa jina la Skolastika aweza kukuta kitambulisho chake kimeandikwa Kolastika. Asipolisahihisha jina mapema, atakaa ofisini akingoja hali wenzake wako njiani.

Juu ya hayo yote iko kahawa. Kila Mmatengo ajua ya kuwa Juni ni mwezi wa kuanza kuchuma. Mtu hawezi kutoka nyumbani majuma mawili akaacha buni nyekundu zikidondoka chini ya miti. Kwa hiyo twapatana na jirani zetu watakaobaki: wao watatuchumia sasa, nasi tutawachumia tukirudi. Na fedha za safari hazitoki katika kahawa ya Juni, maana hiyo haijauzwa bado. Zatoka katika kahawa ya mwaka uliotangulia. Hii ndiyo sababu ya kuanza Agosti. Shamba la ngoro halitengenezwi kwa siku moja. Kwanza hukatwa nyasi, zikalazwa safu kwa safu na kupitana, ndipo udongo hufukuliwa na kufunikwa juu yake. Asiyelaza nyasi vema, mvua ikija humchukulia shamba lake lote.

Basi mwaka uliopita tulikutana kigangoni, tukaandika majina, tukatengeneza sanduku lenye kufuli tatu. Ufunguo mmoja ulikaa kwa katekista, wa pili kwa mama mmoja wa WAWATA, na wa tatu kwetu sisi, tuliochaguliwa kuwa mwandishi. Tukatunga kanuni kwa mkono wetu wenyewe: kila msafiri atatoa mafungu manne, fungu la kwanza litolewe kabla ya mwisho wa Agosti, na asiyelitoa, jina lake litafutwa, ili mwingine apewe nafasi. Kanuni hiyo tuliisoma mbele ya mkutano, watu wakapiga makofi. Hatukutambua siku ile kwamba waliopiga makofi wote walikuwa wenye kahawa.

Katika majina yale yalikuwamo majina mawili kutoka Liuli, pwani ya ziwa. Moja ni la dada yetu, Mkatoliki, na la pili ni la mumewe, ambaye ni Mwanglikana kama watu wengi wa huko. Walitaka kwenda pamoja, kila mmoja akasali kwa mashahidi wa kanisa lake, kisha wakutane na kurudi pamoja. Jambo hilo lilitupendeza sana. Lakini Agosti ilipokwisha, mafungu yao hayakuonekana. Tarehe 1 Septemba tukachukua kalamu yenye wino mwekundu, tukayafuta majina yote mawili. Moyoni tulijisifu, tukisema: "Watu na waone ya kuwa mwandishi hapendelei hata ndugu zake."

Baada ya majuma mawili dada yetu alipanda kuja kwetu Mbinga. Alikula chakula, akauliza habari za watoto, kisha akanena: "Kaka, mume wangu hakusema neno lo lote. Lakini jirani zetu wamesema. Wasema, 'Tulijua tangu mwanzo, Wakatoliki wa milimani hawataki kufuatana na Mwanglikana.' Mimi niwajibu nini?"

Tukajibu kwamba si hivyo, bali ni kanuni tu, nayo ni moja kwa watu wote.

Akatutazama, akasema: "Aliyeiandika kanuni hiyo, je, amepata kuliona ziwa mwezi wa Julai?"

Tulinyamaza, maana tulikuwa tumeliona. Tangu Mei mpaka Agosti pepo za kusini huvuma kwa nguvu, mawimbi yakainuka, na mitumbwi ikalala mchangani siku baada ya siku. Mvuvi atakayetoka katika pepo hizo huenda asirudi. Fedha yake huja pepo zikitulia, na hata hapo hungoja usiku wa giza usio na mbalamwezi, maana dagaa hufuata mwanga wa taa. Basi wakati wenye kahawa walipoanza kushika fedha, ndipo mvuvi alipokuwa hana kitu kabisa. Kanuni tuliyoiita moja kwa watu wote ilikuwa kanuni ya mlimani. Mtu wa ziwani hakuulizwa.

Jumamosi iliyofuata tulishuka Mbamba Bay, tukashika njia ya pwani mpaka Liuli. Shemeji yetu alitupokea kwa heshima kama siku zote, tukala ugali wa muhogo na samaki. Jioni alituchukua kulitazama kaburi la Padre William Percival Johnson, mmisionari wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1928, baada ya kuwatumikia watu wa ziwa hili kwa miaka zaidi ya 40. Hapo tulisimama kitambo. Ndipo tukasema: "Shemeji, tumekosa. Tumekufuta pasipo kuuliza, tena tumekutia katika maneno ya watu."

Akajibu polepole: "Mwalimu, kahawa ina majira yake, na ziwa lina majira yake. Mngeniuliza tu." Hakuongeza neno jingine, nasi twakiri kwamba maneno hayo machache yalituchoma kuliko kama angetukemea.

Tuliporudi tuliita mkutano, tukalieleza kosa letu mbele ya wote. Si wote waliokubali. Mzee mmoja alisimama akasema, "Tukilegeza kanuni, wavivu wataingia, na gari halitajaa fedha." Neno lake halikuwa la upuuzi, maana tumeona safari nyingi zilizovunjika kwa ahadi zisizotimizwa. Basi tukashauriana mpaka jua likatua, tukapatana hivi: fedha zote zitimie mwisho wa Machi, wala siku hiyo haisogezwi kwa mtu ye yote, lakini mafungu yatatolewa kwa majira ya kila mtu, mwenye kahawa kwa kahawa yake, mvuvi kwa nyavu zake. Tena hakuna jina litakalofutwa kabla watu wawili hawajakwenda nyumbani kwa mwenye jina na kumwuliza kwa kinywa chake. Mzee yule alikubali, akataka yeye mwenyewe awe mmoja wa hao wawili.

Likabaki jambo moja gumu. Nafasi za gari zilikuwa zimekwisha kujaa, na zile mbili za Liuli zilikwisha kupewa watu wengine, ambao hawakuwa na kosa. Kuwatoa hao kungekuwa kuponya kidonda kwa kufanya kidonda kipya. Mama mmoja mjane alitoa nafasi yake kwa hiari, akasema magoti yake hayatamfikisha. Ila alitupa karatasi yenye majina ya marehemu wake, tuwaombee huko. Nafasi hiyo tulimpa dada yetu. Ya pili tuliitoa sisi, kwa sababu kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwetu. Jina la shemeji liliandikwa mahali pa jina letu, nalo letu likaenda chini kabisa, la kwanza katika wanaongoja. Mtu akipatwa na udhuru, tutakwenda. Kama sivyo, tutabaki kuchuma kahawa ya jirani, na tarehe 3 Juni tutasali pamoja na yule mama mjane hapa kigangoni.

Ndugu wasomaji, mnaotaka kufanya safari kama hii kutoka parokia zenu, anzeni mapema, tazameni vyeti vyenu, wekeni fedha mahali penye kufuli zaidi ya moja. Lakini kabla ya kuandika kanuni, ulizeni kila mtu wa kwenu fedha yake huja mwezi gani. Mashahidi wa Namugongo hawakuwa watu wa ukoo mmoja wala wa kazi moja, wala hawakuwa wa kanisa moja.

Juma lililopita gari la abiria lilituletea kifurushi kutoka Liuli. Ndani mlikuwa na samaki wakavu aina ya mbasa, na fungu la pili la shemeji, limefungwa katika kitambaa, limetimia. Tumeliandika katika daftari kwa wino mweusi.