Usiku wa Furu

Kumnyima paka chakula ukiwa Kirumba ni kazi. Upepo ukitoka ziwani, harufu ya dagaa wa Mwaloni inaingia mpaka chumbani, na paka wangu Furu huamka nayo. Lakini daktari wa mifugo alishasema: asile chochote baada ya saa tatu usiku, maji ruksa mpaka alfajiri. Akipigwa nusu kaputi na chakula kikiwa tumboni, anaweza kutapika na matapishi yakaingia kwenye mapafu.

Jina la Furu nililitoa kwa wale samaki wadogo ambao wazee wa hapa wanasimulia walivyojaa ziwani, kabla sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 hajawamaliza wengi wao. Furu wangu yeye alikuwa anaongezeka tu. Alizaa mara tatu, na watoto wa mwisho, wanne, niliwakuta ndani ya kiroba pembeni ya maji, wameshakufa. Sikuuliza ni jirani yupi. Niliamua afungwe kizazi.

Mama hakunielewa. "Paka anapasuliwa? Kwa hela hiyo?" Akasonya, akaendelea kuchambua mchele.

Usiku ule nilifungia dagaa wote kwenye ndoo yenye mfuniko, nikalala na Furu chumbani. Alilia mpaka saa nane. Asubuhi nikamtia kwenye tenga la plastiki, nikafunika kwa kanga, tukapanda bajaji.

Alirudi jioni macho wazi, lakini hayupo. Akijaribu kusimama, miguu ya nyuma inaenda kivyake, kama mlevi. Nilitaka kumweka kitandani kwangu, mama akadakia: "Ataanguka huyo. Mweke chini." Akatandika gunia, juu yake kanga, akajaza chupa maji ya moto kiasi, akaizungushia taulo na kuiweka ubavuni mwa paka. Kisha akaenda kutafuta panadol. Hapo ikawa zamu yangu kumzuia: daktari alinionya kwamba panadol inaua paka, hata kipande.

Saa saba usiku niliamka. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono juu ya mbavu za Furu, anamsikiliza anavyopumua.

"Mama, nenda kalale. Nitamwangalia."

Hakugeuka. "Mimi nilipopasuliwa, ulituma hela."

Ni kweli. Ilikuwa 2021, niko Dar, kazi mpya, likizo sina. Nilituma hela kwa simu, nikapiga kila jioni, akasema anaendelea vizuri, nami nikaridhika. Sikuwahi kumuuliza nani alimchotea maji, wala nani alimshika mkono kwenda chooni. Ile chupa ya maji ya moto alijifunza kwenye kitanda chake mwenyewe.

Sikuwa na la kujibu. Nikaleta kigoda kingine.

Siku zilizofuata tulimuuguza wawili. Mama alikata mkono wa sweta la shule la mdogo wangu, akatoboa matundu manne ya miguu, tukamvisha Furu asiulambe mshono. Mchanga wa kujisaidia tukauondoa, maana unaganda kwenye kidonda, tukaweka magazeti yaliyochanwachanwa. Asubuhi na jioni tulimgeuza tukakagua: kuna wekundu? Kumevimba? Kunatoa maji? Na kila tulipomgeuza, mama alikuwa anatoa kipande cha habari yake. Jirani aliyempikia uji. Siku aliyotambaa mpaka mlangoni kufungua.

Siku ya kumi tulienda wote kutoa nyuzi. Kwenye bajaji ya kurudi, tenga likiwa mapajani kwake, mama akasema mshono wake bado unauma akiinua ndoo.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu hapo."

Furu ameanza tena kuiba dagaa. Jumatatu nampeleka mama hospitali. Safari hii nimeomba ruhusa kazini.