Jina Hurithiwa, Matendo ni ya Mwenyewe

Kazi yangu ni kuhariri makala za historia, na kanuni moja ndogo imenifunza mengi kuhusu uadilifu: namna ya kuandika majina ya manowari za Uingereza.

Vitabu vya marejeo huandika hivi: HMS *Pegasus* (1897). Herufi HMS, yaani Meli ya Mtukufu Mfalme au Malkia, husimama wima. Jina la meli hulazwa. Mwaka ulio kwenye mabano ni ule ambao meli ilishushwa majini. Huna haja ya kutanguliza "meli ya", kwa kuwa meli imeshatajwa ndani ya herufi zile. Anayeona haya ni mapambo ya wachapaji hajawahi kuchanganyiwa marehemu wake na mtu mwingine.

Tuanze na mwaka. *Pegasus* hiyo ilizamishwa Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914 na manowari ya Wajerumani, *Königsberg*. Baadhi ya mabaharia wake wamezikwa kisiwani Chapwani. Mwaka 1917 Waingereza walishusha majini *Pegasus* nyingine, ya kubebea ndege za majini. Ukiacha mwaka, msomaji atashangaa meli iliyozama inarukishaje ndege, na wafu wa Chapwani watapotea katika habari za wengine. Sisi tunalielewa hili. Mtoto hupewa jina la babu, ukoo mmoja ukawa na akina Salim watatu, ndipo "bin" inapofanya kazi ili deni la Salim mmoja asidaiwe mwingine. Mwaka ule wa mabano ndio "bin" ya meli.

Herufi za mbele nazo zina uzito wake. Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zilipopiga mizinga kasri la Zanzibar, zilizamisha pia meli ya Sultani iliyoitwa *Glasgow*. Waingereza walikuwa na *Glasgow* yao, iliyowahi kutia nanga Zanzibar, na Sultani wa awali, Sayyid Barghash, aliagiza yake iundwe kwa mfano wa ile. Andika "Glasgow" tupu, na msomaji atadhani Waingereza walijizamishia meli yao wenyewe. Kwa hiyo ya kwao huandikwa HMS, na ya Zanzibar HHS, Meli ya Mtukufu Sultani. Herufi moja tu, M au H, hutenganisha dola iliyopiga na dola iliyopigwa. Kila nikisoma habari za vita vile ninaitafuta herufi hiyo, kwa sababu aliyeshindwa ana haki ya kutajwa kwa cheo chake kama alivyotajwa mshindi.

Kuna kanuni ya tatu, nayo naiona ngumu kuliko zote: meli huitwa kwa jina ililokuwa nalo siku ya tukio. Katika Ziwa Tanganyika, tarehe 26 Desemba 1915, Wajerumani waliingia vitani na boti yao *Kingani*. Waingereza waliiteka, wakaiita HMS *Fifi*, na baadaye ikapigana upande wao. Mwandishi makini haandiki kwamba *Fifi* ilitekwa, wala kwamba *Kingani* iliwapigania Waingereza. Chombo kilikuwa kilekile, lakini bendera ilibadilika, na kila bendera ina matendo yake.

Hapo ndipo ninapojifunza juu ya watu. Tuna tabia ya kumsoma mtu kinyumenyume: akishakuwa mkubwa tunamvika ukubwa tangu utotoni, akishaharibikiwa tunasema alikuwa mbaya siku zote. Mtu naye ana miaka yake, na kila mwaka unastahili kuandikwa kwa jina lake. Aliyebadilika akawa mwema asinyang'anywe safari aliyopita, na aliyetenda maovu asifichwe nyuma ya cheo alichokuja kukipata.

Ndugu msomaji, ukiandika habari za ukoo wako, za mtaa wako au za chama chenu, usiridhike na jina tupu. Andika alikuwa nani, wa nani, na mwaka gani. Ni kazi ya dakika chache, na ndiyo haki pekee tunayoweza kuwatendea wasiokuwepo tena kujitetea.